Mgeni Kutoka Kiomboi

Mzee mmoja wa Kiomboi alipanda basi kwenda Dar es Salaam kumtazama mwanawe. Kijana huyo, mfanyakazi wa kiwandani, hukaa Manzese katika chumba kimoja pamoja na mke na watoto. Aliona haya. Akakopa fedha, akamlipia babaye malazi ya siku mbili katika hoteli ya fahari upande wa Kivukoni, si mbali na ile ya Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965, ambayo wengi wetu twaijua kwa nje tu.

Mzee aliistaajabia lifti, akaoga maji ya moto, akazisifu shuka. Jogoo aliyewaletea wajukuu alilala kwa bawabu. Wajukuu wenyewe aliwaona kwa saa moja, wamekaa ukingoni mwa makochi, wakiogopa kuyachafua.

Simlaumu kijana, alitaka kumheshimu mzazi. Lakini deni lile litameza mishahara miwili, tena kwa kitu ambacho mzee hakukiomba.

Siku ya pili alimwuliza: "Mwanangu, kwako hakuna mkeka?"

Usiku uliofuata alilala Manzese, wajukuu wawili ubavuni. Saa kumi alfajiri jogoo akawika, na jirani akagonga ukuta.