Funguo ya spea ikae kwa nani?

Nimerudi chuo salama, ila vumbi la Kibakwe bado limo kwenye viatu. Najua wengi mnasubiri habari za TP, nani alifaulu kuandaa lesson plan na nani alilia mbele ya Form Two. Hizo zitakuja. Leo nina habari ya pikipiki, na msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana ajue anagombana na nini. Mtu anayempa kijana pikipiki ya mkataba halafu anaondoka na funguo ya spea anamkosea yule kijana, anamkosea abiria, na ukienda mbele kidogo anajikosea mwenyewe. Na msiniangalie kama naongelea matajiri wa mjini tu. Humu humu chuoni kuna masela wamejichanga boom, mihula miwili mitatu, wakanunua pikipiki na kumkabidhi kijana huko kwao. Mko wengi tu, nawajua, na funguo ya pili iko ndani ya begi hosteli.

Kwa ambao hawajafika, Kibakwe ni kata na pia jimbo la uchaguzi, wilaya ya Mpwapwa, upande wa kusini wa wilaya. Ukipita huko ndipo unaanza kuona milima ya maana, na huko mbele ndiko Lumuma wanakotoa vitunguu. Usafiri wa kwenda vijijini ni bodaboda. Daladala sahau. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa biashara, kazi hii imekuwa ndiyo ajira ya vijana wengi vijijini, na wengi hawana pikipiki zao. Wanaendesha kwa mkataba.

Basi bwana, siku moja mwezi wa nane, kama saa tisa alasiri, niko pale senta nasubiri chai. Kijana mmoja wa kijiwe anajiandaa kumpeleka mama mmoja na mtoto milimani, Wotta. Mtoto alikuwa ametoka kituo cha afya, ana homa, amelala mgongoni. Kijana kafungua siti, kuna kasehemu chini yake ka kuwekea vifaa na makaratasi, akaweka ile bahasha ya dawa ya mama isipigwe vumbi. Mikono imejaa, akaweka na funguo juu ya bahasha, sekunde moja tu, apange kamba ya mzigo. Jamaa mwingine wa kijiwe, kwa nia njema kabisa, akaibamiza siti. TA! Imejifunga.

Hapa niwaeleze, maana wengi tunapanda pikipiki bila kujua tunakalia nini. Siti ya aina ile haihitaji funguo kujifunga. Chini yake kuna kipini cha chuma, na kwenye fremu kuna ndoano yenye springi. Ukiikandamiza siti, kipini kinaisukuma ndoano pembeni, kikishapita springi inairudisha, mchezo umeisha. Funguo inahitajika kufungua peke yake: unaizungusha, inavuta kawaya kembamba, kawaya kanavuta ndoano. Sasa funguo ni moja kwa kila kitu, swichi ya kuwashia, tangi la mafuta na siti. Na spana za kufungulia chochote ziko wapi? Chini ya siti, zimeviringishwa kwenye kitambaa chake! Yule aliyechora ile pikipiki sijui alikuwa anawaza nini, teh teh.

Watu wakajaa. Mnajua vijiji vyetu, kitu kikiharibika kila mtu fundi. Mmoja anasema vunja. Mwingine anataka aingize bisibisi anyanyue siti kwa nguvu. Wa tatu, kijana mjanja mjanja hivi, akasema tuunganishe waya tuwashe bila funguo, mambo mengine kesho. Akajibiwa vizuri na mama mwenye mtoto, nilimpenda bure: "Mwanangu, ukiwasha hiyo, mafuta utaweka kwa mdomo? Na dawa ya mwanangu itatoka na nini?" Kimya. Kweli tangi nalo linataka funguo ile ile.

Kijana akampigia tajiri yake, yuko Dodoma mjini. Simu ikawekwa sauti ya juu, tukasikia wote. Funguo ya pili ipo, iko kabatini nyumbani. Itatumwa na basi kesho. "Na hesabu?" kijana akauliza. Jibu: hesabu iko pale pale, uzembe siyo wangu.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipochoka. Mkataba wa yule kijana ni 8,000 kila siku kwa miezi 14, ndiyo pikipiki iwe yake. Piga kwa siku 30 kila mwezi unapata 3,360,000. Mtu anayelipa fedha hiyo kidogo kidogo siyo kibarua wa kupita, ni mnunuzi. Anapasuliwa tairi ni yeye, oili ni yeye, akiugua anatafuta deiwaka ili hesabu isilale. Lakini kile kichuma cha pili, ambacho kilikuja na pikipiki kutoka dukani kwenye waya mmoja na mwenzake, hatakiwi kukigusa mpaka siku ya mwisho.

Kwa nini? Tusidanganyane. Funguo ile haitunzwi kwa ajili ya dharura. Ingekuwa ya dharura ingekaa karibu na mahali dharura zinapotokea. Inatunzwa ili siku kijana akilala siku tatu bila kutuma hesabu, tajiri aje usiku, aingize funguo, awashe, aondoke na pikipiki bila kubisha hodi. Vijiweni kila mtu anaijua hiyo habari. Kijana anaamka asubuhi ameshalipa miezi 10 na uwanja ni mtupu.

Nawasikia matajiri. Vijana wengine siyo waaminifu, pikipiki inauzwa vipuri, mtu anatoroka nayo mkoa mwingine, wewe umebaki na kadi tu mkononi. Ni kweli, yapo, sitetei wezi. Ila hebu tufikiri pamoja. Kijana anayetaka kutoroka na pikipiki anatoroka na funguo aliyonayo. Hiyo ya kwako ya kabatini inamzuia nini? Haimzuii mwizi hata kidogo. Anayebanwa nayo ni mwaminifu, yule aliyebaki Kibakwe anahangaika na siti.

Turudi kwenye siti maana najua mnataka kujua iliishaje. Kuna mzee mmoja fundi baiskeli, kibanda chake kiko pale karibu. Akaitwa. Hakuja na nyundo, alikuja na koleo na spoku moja ya baiskeli. Akauliza swali moja tu: "Kawaya kanapita upande gani?" Hakuna aliyejua, hata mwenye kuiendesha kila siku. Mzee akachuchumaa, akashika kava la pembeni, lile la plastiki, akalivuta taratibu. Limeshikiliwa na vipira tu, likatoka bila kuvunjika. Ndani akatafuta kwa kidole mpaka akakagusa kawaya. Akakunja ncha ya spoku ikawa kama ndoano ya samaki, akakanasa. Akavuta, wapi. Akavuta tena, wapi.

Akamgeukia jamaa mmoja mnene, mwenye duka. "Njoo ukalie huku nyuma." Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Yule bwana akaikalia siti kwa uzito wake wote, mzee akavuta, TAP, siti ikaachia. Siri ni hii: mpira wa siti unaisukuma juu muda wote, kwa hiyo kipini kinaing'ang'ania ndoano. Ukiikandamiza chini unakipa ndoano nafasi, na kawaya kanavutika hata kwa nguvu ya mtoto. Springi na msuguano, wadau, ile ile tunayoiandika ubaoni na kuifuta! Tangu 2024 baadhi ya shule zina mkondo wa amali, na mimi natamani siku moja mwalimu awapeleke watoto pale kibandani wakae tu waangalie mikono ya yule mzee. Alitoza buku tatu. Dawa ikatoka, mtoto akaenda kwao kabla giza halijaingia. Loki ingevunjwa, fundi anakuuzia seti nzima, swichi, tangi na siti, maana zote zinaenda na funguo moja.

Kijana kesho yake alifunga uzi wa nailoni kwenye kale kawaya, ukaning'inia chini kwa siri, likimkuta tena anavuta tu. Ni akili nzuri, na mimi naiogopa hapo hapo, kwa sababu uzi ukimfungulia yeye unamfungulia na mwizi wa betri. Ndiyo maana sikubali tukiishia kwenye ujanja wa spoku na uzi. Mzee wa spoku hayupo kila kijiji, na mtoto mwenye homa hawezi kungoja basi la kesho.

Pendekezo langu halina gharama. Mkataba uandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mtendaji wa kijiji, na funguo ya pili iwe na mstari wake humo: inakaa kwa nani, inatolewa lini, mbele ya nani. Iwekwe kwenye bahasha, wote wawili wasaini pale inapofungwa, ikabidhiwe mtu wa tatu wa pale pale kijijini, mwenye duka anayeheshimika au mwenyekiti wa kijiwe. Ikifunguliwa, wote wanajua. Kijana akishindwa hesabu, tajiri aje mchana wakae waongee, siyo saa nane usiku. Na tajiri akisema hawezi kulala bila kuwa na funguo mkononi, pikipiki hizi nyingi hazina mambo ya elektroniki kwenye funguo. Mchonga funguo wa mjini anakutolea ya tatu kwa buku chache. Moja yako, moja ya kijana, moja ya bahasha. Tatizo liko wapi hapo?

Mwenzangu wa ghorofa ya pili, ambaye pikipiki yako iko Kongwa na funguo iko kwenye begi chini ya kitanda, ukienda wikiendi hii pita chumbani kwangu kwanza. Bahasha ninazo, nitakupa moja bure.