Hesabu Haishuki
Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, yaani kiwango ambacho kituo hakiruhusiwi kukipita, ilhali nauli za daladala, zinazopangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, huweza kutulia kama zilivyotulia tangu Mei 2022 hadi Desemba 2023. Kati ya kalenda hizo mbili yumo dereva, ambaye hununua mafuta kwa fedha ya siku na bado jioni hudaiwa hesabu, kiasi alichokubaliana na mwenye gari. Mafuta hupanda, hesabu haishuki. Basi dereva hugoma (abiria, asiyeulizwa, huchapa mguu) akiilaumu serikali, na aliyemkaba zaidi, mwenye gari, hatajwi.