Na sisi wa Diff tusio na hati miliki?

Ndugu mwandishi, katika makala yako umetuambia tutafute wakili ujenzi wa barabara ukituharibia mali. Wakili atoke wapi hapa Diff, Wajir, nchini Kenya? Rola ya kushindilia barabara ilipopita kando ya boma letu, berkadi, yaani tangi letu la kuhifadhi maji lililochimbwa ardhini, ilipasuka ufa wa kuingiza kidole na maji yote ya mvua yakanywewa na mchanga.

Hukugusia muda wa kushtaki, na hapo ndipo watu huponzwa. Ukimshtaki mkandarasi wa kibinafsi una miaka 3. Ukiishtaki serikali, miezi 12 tu, basi. Hasara isiyozidi shilingi milioni 1 yaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na huko si lazima uwe na wakili. Kukosa hati hakukufungii mlango: sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya jamii, lakini berkadi nimeijenga mimi, kwa pesa zangu.

Piga picha mapema, fundi aukague ufa kabla hujauziba. Wazee wakipatanisha, sawa, ila makubaliano yaandikwe na yatiwe sahihi. Mkandarasi wetu aliahidi mifuko ya simiti mbele ya wazee, wiki iliyofuata akahamisha kambi.