Tusifunge faili la maafa kabla ya kuwahesabu waliokufa

Kiongozi wa kitalu kimoja katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mangateen, hapa Juba, ana daftari la shule lililochakaa kingo. Ndani yake kuna majina ya wakuu wa kaya, idadi ya watu wa kila kaya na namba ya kadi ya mgao. Nilimuuliza kama lina ukurasa wa waliofariki. Mkalimani wangu alikuwa kijana aliyesoma Kakuma, ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko Kiarabu changu cha Juba. Mzee akacheka kidogo. Ukurasa huo hana. Mtu akifariki jina lake hukatwa kwa wino, na pengine halikatwi upesi, kwa sababu jina likikatwa na chakula kinapungua.

Simlaumu mtu. Familia ya watu saba inayolishwa kwa kipimo cha watu saba, ikizika mmoja leo, kesho inaambiwa kwamba na fungu lake limeondoka naye. Nani angekimbilia kutoa taarifa? Lakini ndivyo hesabu ya vifo inavyoanza kupotea, huku huku chini, kabla haijafika kwenye meza ya waziri yeyote wala kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa.

Nilikwenda Mangateen na swali jingine kabisa. Nilikuwa natafuta watu wanaokumbuka tetemeko la ardhi la 20 Mei 1990. Vijana wengi wa Juba hawajapata kulisikia, ingawa ni miongoni mwa matetemeko makubwa kuliko yote yaliyopimwa barani Afrika katika karne iliyopita. Ukubwa wake ulipita 7, na kabla ya wiki kwisha ardhi ilikuwa imetikisika tena kwa nguvu inayokaribia hiyo. Lilisikika hadi Uganda na Kenya. Ukifungua orodha za kimataifa za matetemeko, safu ya vifo inaonyesha watu kama thelathini hivi.

Thelathini. Mwaka 2016, tarehe 10 Septemba, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba na vijiji vya Kagera, na serikali ya Tanzania ikatangaza vifo 17. Kwa wanaojua hesabu za matetemeko, lile la Juba lilitoa nishati zaidi ya mara sitini ya lile la Bukoba. Vifo vyake havikufika hata mara mbili. Ama ardhi ya Equatoria ina huruma ya ajabu, ama namba ya 1990 inahitaji maelezo.

Maelezo yapo mawili, na yote mawili yana uzito. La kwanza ni vita. Mwaka 1990 Juba ilikuwa ngome ya jeshi la Khartoum na SPLA walikuwa wameizingira. Barabara zilitegwa mabomu, vijiji vya nje ya mji vilikuwa upande wa pili wa mapigano. Nani angetoka na daftari kwenda Kajo-Keji au Mongalla kuuliza ni nani ameangukiwa na ukuta? La pili ni nyumba zenyewe. Watu wengi walilala katika tukul, nyumba ya udongo na miti iliyoezekwa nyasi. Paa la nyasi likikuangukia unaamka na vumbi kichwani. Paa la zege halikupi nafasi hiyo.

Juba ya leo si ile. Kuna maghorofa kando ya barabara kuu, kuna nyumba za tofali zisizo na nondo za kutosha, kuna kuta zinazopandishwa kwa haraka kabla ya mvua. Afisa mipango anayesoma kwamba tetemeko la ukubwa wa 7 liliua watu thelathini tu ana haki ya kuhitimisha kwamba matetemeko si tatizo letu, na bajeti ikaenda kwingine. Namba ndogo iliyohesabiwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa na namba, kwa sababu inatuliza.

Pale kambini sikumpata aliyelikumbuka tetemeko. Wengi wa wakazi wake hawakuwa Juba mwaka huo. Waliletwa hapo mwaka 2018 kutoka kwenye eneo la ulinzi la Umoja wa Mataifa, na wengine wakafuata baadaye. Kijana wangu alipowafafanulia kwamba nauliza habari za watu waliouawa na maafa ya asili, mama mmoja aliyetoka upande wa Bentiu aliniuliza, kwa upole, kama maji nayo yanahesabiwa.

Alisimulia mafuriko ya 2021. Hakuna mtu wa nyumbani kwake aliyezama. Maji yalichukua shamba la mtama, ng'ombe wakafa mmoja mmoja, wakalala juu ya tuta lililozungukwa na maji kwa wiki nyingi. Mtoto wake wa kiume alikufa miezi mitatu baadaye kwa homa, wakiwa njiani kutafuta kituo cha afya ambacho nacho kilikuwa kimezingirwa na maji. Alitaka kujua kama mwanawe ni mtu wa mafuriko au ni mtu wa malaria. Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Nimelifikiria tangu siku hiyo na naamini ni mtu wa mafuriko, lakini hakuna kitabu chochote alichoandikwa hivyo.

Angalia takwimu zetu zinavyosema. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wapatao 835,000 walioathiriwa na mafuriko Sudan Kusini. Mwaka 2024 walikuwa kama milioni 1.4. Neno ni "walioathiriwa". Waliokufa hutajwa kwa nadra, na wakitajwa ni wale waliozama au kung'atwa na nyoka siku za mwanzo. Sababu inaeleweka: misaada hugawiwa kwa idadi ya walio hai, kwa hiyo walio hai ndio wanaohesabiwa kwa uangalifu. Mfu hahitaji turubai.

Hata hazina kubwa ya takwimu za maafa duniani, EM-DAT iliyoko Ubelgiji, ina mlango wenye kizingiti. Tukio huingia humo likiwa limeua watu 10 au zaidi, au kuathiri watu 100, au serikali ikitangaza hali ya dharura au kuomba msaada wa kimataifa. Ni kizingiti cha busara kwa wanaolinganisha nchi na nchi. Lakini hebu fikiria kilima kinachomeguka na kufunika nyumba mbili zenye watu sita mahali ambapo hata mwandishi wa habari hafiki. Kwa dunia, kilima hicho hakikumeguka.

Wenzetu wa Kivu wanalijua hili kwa uchungu. Tarehe 4 Mei 2023 maji na mawe viliporomokea vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Nyamukubi, na waliokuwapo hawakuwa wenyeji peke yao, bali pia wachuuzi kutoka kila upande wa ziwa. Miili iliyopatikana ilipita 400, mingine ikaokotwa majini upande wa kisiwa cha Idjwi. Waliotajwa kutoweka walikuwa maelfu. Hadi leo "waliotoweka wa Kalehe" ni fungu linaloning'inia: hawamo kwa waliokufa, hawamo kwa walio hai. Mjane wa aliyetoweka hana cheti cha kifo, na asiye na cheti hupata taabu ya kudai kiwanja cha mumewe.

Goma inatufundisha jambo jingine. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, serikali ya Kinshasa ilianza kwa kutangaza vifo 15. Tisa kati yake vilitokana na ajali ya barabarani wakati watu wakikimbia. Wanne walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze. Walioungua walikuwa wawili. Naipenda taarifa ile, kama mtu anaweza kupenda taarifa ya namna hiyo, kwa sababu haikutoa jumla tu, ilieleza kila kifo kilikujaje. Ukiisoma unajua mara moja kwamba mji ule ulihitaji njia ya kutokea iliyopangwa, magari na askari wa barabarani, pamoja na wataalamu wa kupima volkano. Namba 15 peke yake isingekwambia hayo.

Kuna watakaosema mambo haya ni ya nchi tajiri, na kwamba Sudan Kusini, ambayo sensa yake ya mwisho ilifanyika mwaka 2008, kabla ya uhuru, haiwezi kuhesabu wafu wakati haijakubaliana idadi ya walio hai. Hoja hiyo ina mashiko nusu. Ni kweli kwamba makadirio ya serikali ya watu milioni 12.4 yaliyotolewa mwaka 2023 yalizua ubishi mkubwa. Lakini ni humu humu nchini, mwaka 2018, watafiti wa chuo cha afya ya jamii na tiba ya nchi za joto cha London walikadiria kwamba tangu Desemba 2013 hadi Aprili 2018 walikufa watu 382,900 zaidi ya ambao wangekufa bila vita, na kwamba karibu nusu yao hawakuuawa kwa silaha. Walitumia tafiti ndogo ndogo za kaya zilizokuwa zimekwisha kukusanywa na mashirika ya misaada, wakalinganisha vifo vilivyotokea na ambavyo vingetarajiwa. Mangateen yenyewe ni mmoja wa mitaa ambako raia waliuawa Desemba 2013. Kama vita iliweza kukadiriwa hivyo, mafuriko na matetemeko yanashindikana vipi?

Na utajiri haukumsaidia Mmarekani. Kimbunga Maria kilipopita Puerto Rico Septemba 2017, hesabu rasmi ilisimama kwenye watu 64 kwa karibu mwaka mzima. Chuo Kikuu cha George Washington kilipopewa kazi ya kuangalia vifo vya miezi iliyofuata, wagonjwa waliokosa umeme wa mashine, wazee waliokosa dawa, kilifika kwenye 2,975. Serikali ya kisiwa ikaikubali hesabu hiyo Agosti 2018. Kosa laweza kwenda upande wa pili pia: baada ya tetemeko la Haiti la 2010 serikali ilitaja vifo zaidi ya 300,000, watafiti wengine wakapata chini ya nusu yake, na hadi leo wenye nia mbaya hutumia ubishi huo kutia shaka hata kwa wale waliozikwa mbele ya macho ya watu.

Sasa niseme ninachotaka, kwa sababu gazeti hili lilianzishwa ili watu wa kanda hii wasemezane. Nchi nyingi zilizomo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki zimelala juu ya Bonde la Ufa lile lile. Tetemeko la 3 Februari 2008 liliua watu zaidi ya 40, wengi wao Rusizi na Nyamasheke upande wa Rwanda, wengine Bukavu, na kila upande ukahesabu wa kwake kwa fomu yake. Bunge la Jumuiya lilipitisha muswada wa kupunguza hatari za maafa mwaka 2016, mwaka ule ule Sudan Kusini ilipojiunga. Ningependa Arusha ianze na kitu kidogo: fomu moja ya vifo vya maafa kwa nchi zote. Iwe na jina, umri, mahali, siku ya kifo na kilichoua. Waliotoweka wawe na safu yao, na wakwe na wajane wao wapewe karatasi ya kushika mkononi. Hesabu irudiwe baada ya miezi sita na baada ya mwaka, ili yule mtoto wa Bentiu naye apate mstari wake.

Na mashirika ya chakula yakubali jambo moja dogo ambalo lingebadilisha mengi hapa Mangateen: kaya inayotoa taarifa ya kifo isipunguziwe mgao kwa miezi kadhaa. Gharama yake ni magunia machache. Nilimuuliza mzee wa kitalu kama hilo likifanyika ataandika. Aligeuza daftari, akafungua kurasa za nyuma ambazo bado ni nyeupe, akaanza kuzihesabu.