Dirisha la Wazee Lipo, Vidonge Havipo

Makamanda, kuna sentensi moja imenichosha: "Wazee wanapigwa na kiharusi kwa sababu hawazingatii dawa." Utaisikia Bukoba mjini kwenye semina, kati ya chai na posho.

Mimi ni wa Muleba. Shangazi yangu ana miaka 71, ana presha na shida ya moyo. Kituoni kwake kuna kibao, "Dirisha la Wazee". Mwezi uliopita dirisha hilo lilimpa karatasi tu: kanunue duka la dawa. Akanunua vidonge vya siku kumi kwa hela ya butura, yaani kahawa aliyoiuza ingali mtini. Siku ya kumi na moja hakuwa na kitu. Huyo naye "hazingatii"?

Dawa hizi siyo panadol, kwamba kichwa kikitulia unaacha. Aspirini ndogo huzuia damu kugandana. Ukiiacha, kinga inaisha ndani ya siku chache. Dawa za kutuliza mapigo kama atenolol, ukizikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio kuliko mwanzo. Presha inapanda kimya kimya, mshipa wa ubongo unaziba au unapasuka.

Sweden walifuatilia watumiaji zaidi ya 600,000 wa aspirini ndogo, majibu yakatoka 2017. Walioacha walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo kwa asilimia 37 zaidi ya walioendelea. Hiyo ni nchi yenye hospitali za uhakika. Sisi je?

Mwaka 2011 watu waliacha dawa kwa kikombe cha Samunge, Loliondo, shilingi 500. Wakaitwa wajinga, wakati vigogo nao walikwenda kunywa. Leo mzee wa Kamachumu anaacha dawa bila kikombe chochote. Mfuko umekauka, basi. Na bado lawama ni yake!

Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka 2003. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ni ya 2023. Miaka 20 ya makaratasi, na bado mzee anauza kahawa changa kununua kidonge alichoahidiwa bure. Hawa ndio wanatuambia tuwe na subira?

Sasa kazi yetu. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, simama uulize: dawa za presha na moyo zililetwa lini, ngapi, zikaisha lini? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Nyumbani, hesabu vidonge vya mzee wiki moja kabla havijaisha, na asiache wala kupunguza dozi bila daktari. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni hospitali saa hiyo hiyo, siyo kesho asubuhi.

Na yule wa semina akirudia sentensi yake, mwombe atuonyeshe kwanza leja ya dawa.