Maoni: Kode ya kompyuta ya gari si hukumu, fundi apime kwanza

Mjini Lubumbashi, taa ndogo yenye umbo la moteri inapowaka mbele ya dereva wa teksi, siku yake imeharibika. Jioni mwenye gari atadai malipo yake kama kawaida, na garaji nayo itadai yake. Zamani fundi alifungua kapo, akasikiliza mlio, akanusa moshi. Leo anachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, na baada ya dakika moja anasoma P0171. Halafu anatoa jibu linalowagharimu watu: kapteri imekufa, tafuta nyingine.

Fundi huyo amesoma vizuri lakini amehukumu vibaya. Kompyuta haikusema kwamba kapteri imekufa. Imesema tu kwamba moteri inapata hewa nyingi kuliko esanse inayotakiwa. Sababu zaweza kuwa nyingi: mpira wa hewa umepasuka, kapteri inayopima hewa imejaa vumbi, filta ya esanse imeziba, au pampu imechoka. Katanga wakati wa kiangazi, kwenye barabara za udongo, vumbi pekee linatosha kuwasha taa. Vilevile esanse chafu ya bidoni, ile ya wakadhafi wa kando ya barabara, inaweza kuziba filta. Anayebadilisha kapteri bila kutazama hayo anacheza bahati nasibu, tena kwa pesa ya mwingine.

Kode ni ushahidi tu

Ni vizuri kukumbuka mfumo huu ulitoka wapi. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo mapya kuanzia modeli za 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya esanse kuanzia 2001. Lengo la kwanza lilikuwa kupunguza moshi unaochafua hewa. Kwa hiyo kompyuta inajua kile ambacho kapteri zake zinaona, basi. Haioni mpira uliopasuka wala waya uliotafunwa na panya.

Herufi P inahusu moteri na giaboksi, B bodi, C breki na miguu ya gari, U mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Kode inayoanza na P0 ina maana moja kwa kampuni zote. Inayoanza na P1 kwa kawaida ni ya kampuni yenyewe, na maana yake hubadilika kutoka gari moja hadi jingine. Fundi anayetafsiri P1 ya Toyota kwa orodha ya gari lingine anapoteza muda wa mteja.

Kupima hakuhitaji utajiri. Kode P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri. Badala ya kununua bobini mpya, fundi anaweza kuhamisha bobini ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, kufuta kode, kisha kuendesha gari kidogo. Kode ikirudi kuwa P0302, ubaya umehama pamoja na bobini, na bobini ndiyo ya kubadilishwa. Ikibaki P0301, atazame buji, injekta na mgandamizo wa silinda. Kipimo hiki kinahitaji funguo na subira tu.

Kuna pia P0420, inayohusu katalizeri ndani ya bomba la moshi. Hapa wenye magari wawe macho zaidi. Katalizeri ina platini, paladi na rodi, madini yenye bei kubwa, na wanunuzi wapo. Kode hiyo yaweza kuletwa na bomba linalovuja, na kapteri ya nyuma iliyochoka, au na silinda isiyochoma. Mwenye gari anayeambiwa tu kwamba kitu kimeziba na ni lazima kikatwe, anaweza kurudi nyumbani bila katalizeri na bila malipo yake. Kipande kinachotolewa ndani ya gari ni mali ya mwenye gari.

Kufuta taa si kutengeneza

Desturi nyingine mbaya ni kufuta kode na kumwambia mteja kwamba gari limepona. Taa inazimika, halafu inarudi baada ya siku chache. Wauzaji wengine wa magari yaliyotumika hufanya hivyo kabla mnunuzi hajafika. Lakini kifaa kilekile kinaweza kuwafichua, maana baada ya kufutwa, kompyuta inaonyesha kwamba vipimo vyake vya ndani havijamalizika mpaka gari litembezwe vya kutosha. Anayenunua gari aombe kuona ukurasa huo kabla ya kuhesabu dola.

Mafundi nao wana neno lao, na ni la haki. Wateja wengi hawataki kulipia kipimo. Wanalipa kipuri kwa sababu kinaonekana, lakini saa mbili za kutafuta waya uliokatika wanaziita uvivu. Magari mengi mjini yametoka Japani, yamepitia Dar es Salaam na Zambia, na baadhi yana soketi ileile lakini hayajibu kifaa cha bei rahisi. Fundi mwenye kifaa hicho tu anabaki kubahatisha.

Kwa hiyo dawa iko pande mbili. Mwenye gari akubali kulipia kipimo, hata kama hakuna kilichobadilishwa, na fundi aandike kode kwenye karatasi kabla ya kuifuta, aeleze alichopima, na arudishe kipuri cha zamani. INPP na mashule ya ufundi wafundishe umeme wa gari kwa nguvu ileile wanayofundisha pistoni, kwa sababu kijana asiyejua kutumia multimetri atabaki msomaji wa kode tu.

Gari la teksi linalisha nyumba mbili au tatu. Kila kipuri kilichonunuliwa bure ni karo ya shule iliyochelewa au sufuria isiyopanda jikoni. Kompyuta imemwonyesha fundi mahali pa kuanzia kutafuta. Kazi ya kutafuta bado ni ya mikono na akili yake.