Tulionja kasiksi za Vuhovi



Jumanne iliyopita tulitembelea wenzetu wanne wa Vuhovi wanaotengeneza kasiksi. Tulikuwa watano. Tuseme tangu mwanzo kwamba wawili kati yetu hawanywi pombe kabisa. Hao walikuja na daftari na walionja mutobe peke yake. Sababu ya safari mnaijua. Mwaka jana, wakati wa kugawa mikopo ya mfuko wetu, tuliwanyima mama wawili kwa kuwa kazi waliyoitaja ni kasiksi. Hakuna aliyewauliza swali hata moja. Tulisema tu, pombe inaharibu nyumba, tukapita kwa jina linalofuata. Mmoja wao aliacha kuja mkutanoni. Kwa hiyo nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa ya kwake.

Hakutununia. Alitutolea viti, akatuonyesha shimo nyuma ya jiko, akasema: «Kaeni muone kazi kwanza, kuonja kutakuja.» Basi tuliona.

Ndizi za kasiksi siyo zile tunazopika na maharagi. Ni fupi, nono, zenye maji matamu. Ng'ambo ya Semuliki, kule Uganda, aina moja yake wanaiita kayinja. Zinakatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani. Shimo linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa ndani na kufunikwa na udongo. Kwa joto la bondeni siku nne zinatosha, kwa baridi yetu ya mlimani ni tano au sita. Zikitoka za njano zinamenywa na kukandwa katika beseni pamoja na majani makavu. Sisi tulidhani majani yale ni ya kusafishia. Kumbe bila majani unapata uji, na uji haukamuliki. Majani ndiyo yanayoshika nyama ya ndizi na kuacha maji yashuke.

Maji yale, kabla ya jambo lingine lolote, ndiyo mutobe. Alitupa kila mmoja kikombe. Ni mtamu kupita asali iliyotiwa maji, mzito, na una harufu ya ndizi iliyoiva jana. Wenzetu wawili wasiokunywa waliomba cha pili. Huo mtoto anaweza kunywa, ukiwa wa siku hiyohiyo na umekamuliwa kwa mikono safi. Kesho yake usimpe: mutobe hauna subira, asubuhi umekwisha anza kuwa pombe hata kama hukuweka kitu.

Anayetaka kasiksi anaongeza maji, anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika na kulaza karibu na jiko. Mtama ndio unaotoa ile rangi ya udongo, uchungu kidogo, na ladha ya kuungua ambayo waume wetu wanasema wanaitambua kwa pua tangu barabarani.

Nyumba ya pili walitupa kasiksi ya siku moja. Ilikuwa bado tamu, na povu lake linasimama juu ya kikombe na kuwasha pua. Mwenye nyumba anaiuza kwa arusi na kwa watu wanaolima kwa salongo, kwa sababu, alisema, mtu anaweza kunywa na kurudi shambani. Sisi tuliipenda kuliko zote. Nyumba ya tatu ilikuwa ya siku tatu: kali, imekauka, utamu wote umeliwa, na mwishoni inaacha uchachu kama limau. Kuna wanaoitafuta hiyo tu. Siku ya tano, mama yule alisema akicheka, ni siki, na siki hainunuliwi na mtu.

Jambo hilo la kutokukaa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kule Uingereza, miaka mia saba iliyopita, pombe ya kila siku ilipikwa zaidi na wanawake, nyumbani, na iliharibika baada ya siku chache kama yetu. Ilipoingia bia yenye maua ya hopi, inayoweza kukaa na kusafirishwa mbali, kazi ilihitaji mitungi mikubwa na mtaji, na polepole ikaondoka mikononi mwa wanawake. Kasiksi haisafiri. Hakuna kampuni itakayoileta kutoka Kinshasa kwa gari. Ndiyo maana bado iko uani kwetu.

Hata hivyo si kila mahali imebaki uani. Arusha, katika Tanzania, tangu mwaka 1993 kuna kampuni ya wenyeji inayoitwa Banana Investments, inayotengeneza mvinyo wa ndizi na kuuweka katika chupa; mmoja unaitwa Raha. Na Wachagga wa Kilimanjaro wana mbege yao ya ndizi na ulezi, wanaitia gome la mti wa msesewe ili iwe chungu. Tuliwasimulia wenzetu wa Vuhovi habari hizo. Mama wa nyumba ya pili aliuliza swali moja tu: «Chupa wanazitoa wapi?» Swali la mfanyabiashara.

Sasa hesabu. Wazee walituambia kwamba zamani shamba la ndizi za pombe lilikuwa mali ya baba, na kukamua ilikuwa kazi ya wanaume. Leo mama hawa wanne wote wanakamua wenyewe. Watatu wana mashamba ambayo hawawezi kufika kwa ajili ya usalama. Wananunua mikungu sokoni, minne ikiwa mikubwa, wanapata bidoni moja ya lita 20 na zaidi kidogo. Tulipoketi na yule wa kwanza na kuandika kila kitu, aliona kwamba alikuwa akihesabu ndizi na mtama tu. Kuni hakuzihesabu. Maji yaliyobebwa na binti yake hakuyahesabu. Siku mbili za mikono yake, pia hapana. Na ukutani, kwa mkaa, kulikuwa na majina ya watu kumi na wanne waliokunywa kwa deni. Tulisoma lile orodha kimyakimya. Mawili yalikuwa ya waume wa watu tunaowajua vizuri sana, na mmoja wetu alitazama chini.

Lakini hata baada ya kuni na deni, ilibaki kitu. Kitu kile ndicho kililipa minervali ya watoto watatu mwaka uliopita. Hakuna mwingine nyumbani mwake aliyelipa.

Nyumba ya tatu tulikuwa na neno gumu. Maji aliyoongeza kwa mutobe yalitoka mtoni moja kwa moja. Kasiksi haichemshwi, wamama. Maji unayotia ndiyo maji yatakayonywewa. Homa ya matumbo tunaijua sote hapa. Maji yachemshwe na kupoa kwanza, mikono ioshwe kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, na bidoni iwe ile iliyozaliwa na mafuta ya kula, siyo ya petroli au dawa ya shamba. Alikubali bila kukasirika. Alitukumbusha kwamba wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, yeye alikuwa na ndoo ya kloro mlangoni na kila mtu alikuja na kikombe chake. Ugonjwa ule uliondoa watu 2,287 katika nchi yetu, na eneo la afya la Vuhovi halikusalimika. Ndoo imeondoka, tabia ya kikombe kimoja kwa watu sita imerudi. Tulimwomba airudishe ndoo.

Nyumba ya nne ilikuwa na kasiksi, na ilikuwa pia na kanyanga. Tuliilamba kwa ncha ya kijiko. Inachoma ulimi, inashuka kama moto wa jiko, na ladha ya ndizi imekufa ndani yake. Hapo sisi hatukuzunguka. Pombe iliyotoneshwa nyumbani ni kali mara nyingi kuliko kasiksi, na matone ya kwanza yanayotoka katika mtambo yanaweza kubeba sumu inayopofusha macho na kuua. Watu wanasema ukiiwasha na moto ukawa wa buluu ni salama. Siyo kweli. Sumu ile haionekani kwa jicho wala kwa ulimi. Mama wa nyumba hiyo alisema anajua, lakini kanyanga inakaa miezi bila kuharibika na kasiksi inamfia mkononi. Hatukuwa na jibu zuri, tuliandika tu.

Tuongeze mambo mawili kwa mama vijana, kwa sababu tuliyasikia tena njiani. La kwanza, kasiksi haileti maziwa. Kinachotusaidia ni kula vizuri, kunywa maji na mtoto kunyonya mara nyingi. Pombe inapita katika maziwa na kumfikia. Na kwa mwenye mimba hakuna kikombe kidogo kinachojulikana kuwa salama. La pili, kumwekea mtoto kijiko cha kasiksi ili alale mama aende sokoni: tulifanyiwa wengine wetu, tunajua nia ni uchovu na siyo ubaya. Lakini tuache.

Kabla ya kurudi tulipita katika kishamba cha yule wa kwanza, nyuma ya nyumba, migomba kama thelathini. Minane ilikuwa imenyauka. Majani ya njano yameanguka kama mwavuli uliovunjika, na ndizi zimeiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia. Ni ule mnyauko wa migomba ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kutufikia huku baadaye. Ndizi za pombe unazipenda zaidi, kwa sababu wadudu wanauingiza kupitia lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Ndizi zilizougua hazikamuliki. Kwa hiyo: kichane cha mwisho kikitoka, vunja ua lile kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Panga likigusa mgomba mmoja lipitishe motoni mpaka lipate joto kali kabla ya kugusa mwingine. Shina lililougua likate chini kwenye udongo, uyaache yale mengine ya kichaka hicho, na urudi kuangalia kila juma. Usiazime panga la jirani, hata kama ni dada yako. Alikuwa akitumia panga moja kwa yote. Tulipoondoka mume wake alikuwa akiwasha moto.

Tulirudi na bidoni moja ya kasiksi ya siku moja, tuliyoilipa kwa franka taslimu, na chupa mbili za mutobe ambazo hazikufika nyumbani.

Haya ndiyo tunayopendekeza, na tunajua siyo wote watapenda. Mfuko ukopeshe wanaotengeneza kasiksi na mutobe, kwa masharti matatu: maji yaliyochemshwa, hakuna kumuuzia mtoto, na daftari linaloonyesha kuni na deni. Kwa kanyanga, hapana. Katika halmashauri tulikuwa kumi na mmoja. Wanane walikubali, watatu walikataa. Mmoja wa hao watatu alisema kwamba mume wake anakunywa kasiksi ile ile tunayoisifu hapa, na kwamba sisi tumeonja kikombe kimoja saa nne asubuhi lakini yeye anaifungulia mlango saa tano usiku. Tumeandika maneno yake kama alivyoyasema. Hatukuweza kuyajibu.

Jambo litaamuliwa na wanachama wote, Jumamosi, saa nane, kwa kura ya maharagi: meupe ndiyo, mekundu hapana. Yule mwenzetu tuliyemnyima amesema atakuja. Yule anayefungua mlango usiku naye atapewa nafasi ya kusema kwanza.